Plagi ya juu kwanza

Gari langu limepita kwa mafundi wengi hapa Dar es Salaam na sijawahi kukaa chini kumwandika hata mmoja. Huyu mzee wa Temeke namwandika kwa sababu ya lita moja ya oili. Kabla yake nililipia lita hiyohiyo mahali pengine, tena kwa bei ya juu, na haikuingia kwenye gari.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004, toleo la Japani kwenyewe: injini ya EJ207, cc 2,000, turbo, gia sita za mkono. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini, na hili ndilo gari la kwanza nililolitoa kwa jina langu. Nalipenda. Naliosha mwenyewe, nalisikiliza kila asubuhi kabla sijaondoka, na likibadilisha sauti najua.

Lilibadilisha sauti mwezi wa pili mwaka jana. Nilikuwa natoka kwenye maegesho ya Kariakoo, usukani umekunjwa hadi mwisho, mwendo wa mtu anayetembea, nikasikia chini ya kiti cha nyuma kru, kru, kru, na gari zima likawa linashtuka kidogo kidogo kama mtu mwenye kwikwi. Nikinyoosha usukani, kimya. Nikikunja tena, kru, kru.

Nikalipeleka kwenye gereji moja kubwa, ya vigae na kiyoyozi, mteja unakaa ndani unaletewa kahawa. Nikawaeleza, wakaniambia ni oili ya difu, yaani lile boksi la meno la nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, wataibadilisha. Baada ya saa moja na nusu nikakabidhiwa funguo na risiti: "oili ya difu ya nyuma, lita 1, imebadilishwa". Shilingi 180,000. Nikafika mlango wa kutokea, nikakunja kushoto, kru, kru. Nikarudi ndani. Kijana wa mapokezi akasema gari za aina hii zote zinalia, ni kawaida yake. Nilimwamini, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ikaja masika. Jioni moja mwezi wa nne nilikuwa narudi kupitia Jangwani, na kila mkazi wa jiji hili anajua Jangwani inavyokuwa mvua ikikolea. Maji hayakuonekana mengi, magari ya mbele yangu yalikuwa yanapita. Nikiwa katikati, daladala iliyokuwa mbele ikazimika. Nikakaa pale kama dakika kumi, maji yamefika usawa wa katikati ya magurudumu, injini inanguruma, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Niliponasuka nilishukuru Mungu kwamba injini haikunywa maji. Difu sikuifikiria kabisa. Wiki mbili baadaye, juu ya ile kru, ikaongezeka sauti nyingine: mluzi mwembamba kuanzia kilomita 60 kwa saa, unaopanda na mwendo na kushuka nikitoa mguu.

Aliyenielekeza kwa mzee ni dereva wa lori, anabeba makontena kwenda Tunduma. Nilimwigizia mlio kwa mdomo tukiwa kwenye foleni ya geti. Hakufikiri mara mbili. "Dada, hiyo difu. Usiende kwa watu wa magari madogo. Nenda kwa anayefungua difu za Scania."

Gereji ya mzee haina kibao. Iko mtaa wa ndani Temeke, ua wa mabati wenye mwembe mmoja na sakafu ya zege, na jina lake na namba yake sitaviandika kwa sababu mwenyewe aliniomba nisifanye hivyo. Anafanya kazi na kijana mmoja tu na hapokei zaidi ya magari mawili kwa siku. Ukiwauliza madereva wa malori ya bandarini utaelekezwa, kama nilivyoelekezwa mimi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Umeliendesha kutoka wapi?"

Nikamwambia kutoka bandarini, kwenye foleni ya Kilwa Road. Akasema vizuri, maana oili iliyopata moto hutoka yote na inatoka na uchafu wake. Ya baridi hubaki imeganda pembeni. Akaingia kiti cha abiria, akaniambia nizunguke mtaa. Alifumba macho njia nzima. Tuliporudi akauliza swali moja tu: "Ulipita kwenye maji lini?"

Nikamsimulia ya Jangwani. Akaniuliza nilikaa humo muda gani na nilikuwa nimetoka wapi. Nilikuwa nimetoka Kimara, barabara ndefu, difu ni ya moto. Basi akanieleza jambo ambalo katika miaka yote ya kutoa magari bandarini sikuwahi kuelezwa. Difu ina tundu dogo la kupumulia kwa juu. Ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Ukiizamisha ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyobaki inasinyaa na difu inavuta pumzi. Ikiwa tundu liko chini ya maji inavuta maji. Ikiwa tundu limeziba kwa tope, inavutia kwenye sili za ekseli, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje. "Ni kama chupa tupu ya moto uliyoitumbukiza kwenye ndoo kichwa chini," alisema. "Lazima inywe."

Gari likapandishwa kwa jeki, likawekwa kwenye stendi nne. Hapa nilitegemea aanze kufungua. Badala yake kijana akaleta pimamaji, ile ya fundi ujenzi, ya njano, yenye kipovu katikati, mzee akaiweka chini ya gari kwa urefu, kisha kwa upana. Akaongeza kipande cha ubao chini ya stendi moja ya nyuma, akapima tena mpaka kipovu kikatulia. Sababu yake ni kwamba difu haina kijiti cha kupimia kama injini. Kipimo chake ni tundu la juu lenyewe: unajaza mpaka oili ianze kuchuruzika kutoka humo, basi imetosha. Gari likiwa limeinama, tundu linakudanganya, na difu inayobeba lita moja tu haina nafasi ya kudanganywa.

Kisha akalala chini, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye plagi ya juu.

Nataka nilikazie hili, kwa sababu tangu siku ile ndilo ninalomwangalia fundi yeyote kabla sijamwachia funguo. Difu ina plagi mbili. Ya chini ni ya kumwagia, ya juu ni ya kujazia. Mwenye haraka anaanza na ya chini, oili inamwagika, halafu akienda ya juu anakuta imeshika kutu, haifunguki au imeliwa kona. Hapo gari halina oili na halina njia ya kutia oili. Halitoki mpaka usiku ukuingilie. Ukianza na ya juu na ikakataa, hujapoteza kitu, unashusha gari na kuondoka. Mzee hakuniambia kwamba anaijua siri hiyo, mkono wake ndio uliokwenda huko wenyewe.

Lakini hakuifungua mara moja. Akaniita. "Mama, njoo uone kabla sijagusa." Nikalaza kipande cha boksi, nikajipenyeza karibu naye na tochi ya simu. Plagi za gari langu zina shimo la mraba, la kuingiza mpini wa racheti wa nusu inchi moja kwa moja, bila boksi spana. Shimo lile la mraba lilikuwa limejaa tope hadi ukingoni, tope kavu, gumu, limepasuka nyufa kama ardhi ya kiangazi, na juu yake limepakwa vumbi jekundu ambalo si la Dar. Akalichokoa kwa bisibisi. Lilitoka kipande kizima, kona nne kamili, kama kimetolewa kwenye kalibu. Akakiweka kiganjani mwangu.

"Hili halijafunguliwa na mtu tangu lifike nchi hii," akasema. Akaenda kwenye plagi ya chini. Vilevile.

Risiti yangu ya shilingi 180,000 ilikuwa ndani ya dashibodi. Sikuitoa. Nilikaa pale chini nikakitazama kile kipande cha tope, nikakumbuka kahawa niliyokunywa nikisubiri kazi ambayo haikufanywa. Kile kipande ninacho bado, nimekihifadhi kwenye kikopo.

Ya juu ilitaka bomba refu kwenye mpini. Ililia mlio mmoja mkali kama risasi, ikalegea. Ya chini ikafuata kwa urahisi, na beseni likawekwa.

Oili ya difu ikiwa nzima ina rangi ya asali, ikichoka inakuwa nyeusi. Yangu ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Mwanzoni yalitoka matone kadhaa ya maji matupu, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini, kisha ule uji wa hudhurungi. Mzee akaifuta plagi ya chini kwa kidole. Ina sumaku, na sumaku ilikuwa na kofia ya ujiuji wa kijivu. Akauchukua kidogo, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada mbele ya macho yangu, akaniambia nami nifanye hivyo. Ulikuwa laini kama wanja. "Ukihisi mchanga au ukachomwa na kipande, tunaongea habari nyingine," akasema. "Huu ni uzee wa kawaida. Difu yako nzima." Nilipumua. Nilikuwa nimeshaulizia Gerezani difu ya mtumba ya aina hii, nikaambiwa milioni mbili na nusu.

Sasa habari ya oili yenyewe, maana wengi tunakosea hapa. Difu ya nyuma ya gari hili ni ile ya R180, na ndani yake mna sahani za klachi, ndiyo maana mafundi wanaiita LSD, kifupi cha Kiingereza cha difu yenye utelezi wa kikomo. Difu ya kawaida, gurudumu moja likiteleza nguvu yote inakimbilia huko na lile lenye mshiko linabaki limesimama. Zile sahani zinabana ekseli mbili pamoja ili zote zivute. Lakini ukikunja kona, gurudumu la nje lazima lizunguke zaidi ya la ndani, kwa hiyo sahani zinatakiwa ziteleze kidogo, kwa ulaini. Oili ikichoka au ikiwa si ya aina yake, hazitelezi: zinashika, zinaachia, zinashika, zinaachia. Ile ndiyo kru, kru yangu.

Kwa hiyo kusema "nipe oili ya difu" hakutoshi. Inatakiwa iandikwe GL-5, kwa sababu meno ya difu hayasukumani tu, yanaburuzana kwa mgandamizo mkubwa, na GL-5 ina dawa za salfa na fosforasi zinazolinda chuma pale utando wa oili unapokatika. Harufu ile kali ya oili ya difu ni hiyo salfa. Unene wake uwe 75W-90. Na juu ya hayo yote, chupa iseme inafaa difu za LSD, maana yake ina dawa ya kulainisha sahani. Mimi nilibeba Motul Gear 300 LS, hizo herufi mbili za mwisho ndizo zenye maana. Mzee alisoma chupa mbele na nyuma, ameivua miwani ameiweka karibu na jicho, ndipo akaikubali.

Hakuimimina. Akamtuma kijana akanunue lita mbili za GL-5 ya kawaida, ya bei ndogo, 75W-90 vilevile. Akajaza ya kwanza, akashusha gari, tukaendesha hadi barabara kubwa na kurudi, kama kilomita mbili. Nilimuuliza kwa nini asizungushe magurudumu ya nyuma hukohuko juu ya stendi. Akasema gari linalovuta miguu yote minne halifanyiwi hivyo, utaiumiza difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tukapandisha, pimamaji ikarudi, akamwaga: bado chai ya maziwa, hafifu zaidi. Ya pili, mzunguko uleule: ikatoka na ukungu kidogo tu. Oili ya kuoshea ilinigharimu 30,000 kwa lita zote mbili, na kama angemimina yangu ya 65,000 moja kwa moja ingekuwa uji kabla sijafika Mtoni.

Kati ya mizunguko alitafuta kile kitundu cha kupumulia. Kilikuwa kimeziba kama alivyosema. Akakizibua kwa waya wa breki ya baiskeli, akapuliza hewa ya kompresa, akaniwekea kidole changu hapo nihisi. Sili ya ekseli ya kushoto ilikuwa na unyevunyevu. Akaifuta, akaniambia nimwache aitazame nikirudi, kwa sababu difu iliyokosa pumzi husukuma oili kwenye sili hata kama sili ni nzima. Gereji nyingine ingeniuzia sili siku hiyohiyo.

Oili nzuri iliingia mwisho, kwa pampu ya mkono, taratibu. Chupa ilibaki tupu karibu kabisa ndipo tone la kwanza likatokea kwenye mdomo wa tundu, likaning'inia, likadondoka, kisha mchirizi mwembamba wa rangi ya asali. Akasubiri mchirizi ukate wenyewe. Akasafisha uzi wa plagi kwa brashi ya waya, akaifunga.

Kisha akanipa kazi. Niende eneo la wazi, nizunguke kwa umbo la namba nane, polepole, kumi kwa upande huu na kumi kwa upande huu, ili oili iingie katikati ya sahani. Nilikwenda kwenye uwanja wa wazi upande wa Sabasaba, jua limeshaanza kulala. Nane ya kwanza, kru. Ya pili, kru. Ya nne ikawa mtetemo tu. Sikumbuki ni ya ngapi nilipogundua kwamba sisikii kitu ila matairi juu ya changarawe. Nilizima redio iliyokuwa imezimwa tayari. Nikaendelea hadi kumi na kumi, kama nilivyoagizwa, usukani umekunjwa mpaka mwisho, na chini ya kiti cha nyuma palikuwa kimya kabisa.

Mluzi wa kilomita 60 haukuisha siku ile. Ulipungua, na baada ya wiki nikawa siusikii tena.

Kuna mambo ambayo singependa uyakute huko bila kujua. Hakuna pa kukaa ila benchi chini ya mwembe, na saa sita mchana kivuli kinakuwa upande wa majirani. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na anashinda chini ya gari. Hana spana ya kupimia mkazo. Plagi anazifunga kwa mkono wa uzoefu, na ingawa hazijavuja hata tone, kwa gari kama hili ningependa awe nayo, nikamwambia hivyo, akanisikiliza bila kununa. Kazi nzima ilichukua saa nne. Oili chafu haimwagwi mtaroni: inaingia kwenye pipa, na watu wa mbao wanakuja kuinunua kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Ufundi alinitoza 40,000. Nikajumlisha pale pale: oili yangu, oili ya kuoshea na ufundi, 135,000. Chini ya kile nilicholipia kahawa.

Nilirudi baada ya kilomita 1,000, kwa sababu aliniambia nirudi. Pimamaji, stendi, plagi ya juu. Akaingiza kidole, akakitoa, akaniwekea mbele ya pua kabla hajakitazama mwenyewe: salfa, kali, safi. Rangi ya asali. Sili ya kushoto ilikuwa kavu. Hakuchukua hela.

Alipokuwa anafunga akaniuliza oili ya gia boksi ilibadilishwa lini, maana difu ya mbele inaishi humo humo na inakunywa oili hiyohiyo. Sikuwa na jibu, nina risiti tu. Tumekubaliana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nibebe lita nne na ya akiba, na nifike asubuhi kabla kivuli cha mwembe hakijahama.